Mshale Uliotazama Mlangoni

Sehemu ya saba

Kwa aliyenikuta njiani wiki hii nitarudia kwa kifupi, maana wengine wamenifuata tangu mwanzo na hawapendi kurudishwa nyuma.

Mimi ni fundi wa lifti. Mke wangu nilimpata kwenye lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Nilikuwa fundi wa zamu, nikafungua mlango, akatoka yeye. Mama mkwe hajawahi kunisamehe urahisi wa jambo lile.

"Wenzako walihangaika kutafuta," huwa ananiambia. "Wewe ulifunguliwa mlango."

Mlango niliufungua mimi, tena kwa bisibisi, lakini hilo halihesabiwi.

Tangu siku ile kila jema linalonipata huitwa bahati. Nikipandishwa cheo, bahati. Mtoto wangu akifaulu, bahati, na akili kairithi kwa bibi yake.

Mama mkwe mwenyewe haamini bahati. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkadiriaji wa hasara kwenye kampuni ya bima. Watu walimjia wakilia, duka limeungua, mama, bahati mbaya, naye akawauliza nani aliacha pasi kwenye umeme. Kwake hakuna bahati mbaya, kuna uzembe. Na hakuna bahati nzuri, kuna uzembe wa mtu mwingine.

Yeye na marehemu baba mkwe walikuwa wanacheza briji ya mashindano. Ni karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Baba mkwe alipofariki kiti cha mbele yake kikabaki wazi, nami nikawekwa pale kwa muda, kama unavyoweka tofali chini ya gari lililotolewa gurudumu.

Muda wenyewe umeingia mwaka wa pili. Wiki iliyopita niliwaacha pale mwanyumba wangu alipotangaza, mbele ya watu, kwamba tofali limekaa vya kutosha.

Mwanyumba ni mume wa dada wa mke wangu. Ni mpima ardhi. Amesoma vitabu vya briji na anavisema hata akiwa na chakula mdomoni. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakata shauri. Jumamosi kuna mashindano ya klabu. Mimi na yeye jozi moja, mwanyumba na mkewe jozi nyingine. Mwanyumba akimaliza juu yetu, kiti ni chake, na ndiye atakayekaa mbele yake kwenye kombe la vilabu. Tukimaliza juu yake sisi, kiti ni changu, na neno "muda" halitasemwa tena.

"Lakini Mama, yeye anacheza na wewe," mwanyumba akalalamika. "Hapo usawa uko wapi?"

"Ndiyo maana ukishinda hakutakuwa na ubishi."

Niseme wazi kwa nini nilikitaka kile kiti. Kombe silijui hata lina ukubwa gani. Nilitaka yule mama aseme, hata mara moja, hata kwa kunong'ona, kwamba kuna kitu nimekipata kwa akili yangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mke wangu ananipigia shati pasi. Hilo peke yake lilitosha kunitisha. Nyumbani kwetu kila mtu hujipigia mwenyewe.

"Sikiliza, baba watoto," akasema. "Ushinde, ushindwe, mimi yote sawa. Ila usimrudishe mama akiwa amenuna. Kesho tunakula kwake."

"Nikishindwa atanuna."

"Na ukishinda?"

"Atasema bahati."

"Basi atanuna vilevile." Akanipa shati. "Kola haijakauka. Usiinamishe shingo."

Nikaenda kwenye vita ya maisha yangu na shingo iliyolowa.

Klabu inakutana ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Jengo lina lifti, na lifti ni mbovu. Siihudumii mimi, ina kampuni yake, nimeshaeleza mpaka mate yamenikauka. Hata hivyo kila mwanachama anayefika juu akihema hunitazama mimi kwanza kabla ya kusalimia.

Mama mkwe alipanda akishika ukingo, akipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Nikadhani ni magoti.

"Nikushike mkono, Mama?"

"Kwani wewe ndiye lifti?"

Nikaacha.

Sasa, kwa asiyeujua mchezo huu, kuna jambo moja lazima alishike, maana maafa yangu yote ya wiki hii yamo humo. Kwenye briji ya mashindano karata hazichangwi upya kila meza. Zinagawiwa mara moja tu, kisha zinawekwa kwenye kisanduku bapa cha plastiki chenye mifuko minne: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi. Kila mchezaji anachomoa za mfuko ulio mbele yake. Mkimaliza, kila mtu anarudisha zake mfukoni, na kisanduku kinapelekwa meza nyingine, wengine wacheze zilezile.

Kwa hiyo huwezi kulia kwamba umegawiwa karata mbovu. Wote waliokaa upande wako, meza zote, walipewa mbovu hizohizo. Anayezitumia vizuri kuliko wenzake ndiye mshindi. Mama mkwe anaupenda mchezo kwa sababu hiyo moja. Anasema hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo bahati imefukuzwa kazi.

Mimi nina mawazo tofauti, lakini mimi ni mkwe.

Juu ya kila kisanduku kuna mshale mwekundu. Unatakiwa kumwelekea aliyekaa Kaskazini. Ukigeuka, mifuko yote inageuka, na kila mtu anachukua karata za jirani yake. Kukiweka kisanduku mezani ni kazi ya Kaskazini. Klabu ile haijapata kuwa na Kaskazini mwingine makini kama Mama mkwe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuangalia mshale wake. Ungeuangalia ungekuwa kama unahesabu meno ya mwenye nyumba.

Tulianza vibaya, tukaendelea vibaya kidogo, kisha tukapata nafuu. Mwanyumba na mkewe, shemeji yangu, walikuwa wanazunguka ukumbi meza baada ya meza wakichinja watu. Kila nilipoinua kichwa nilimwona anaandika matokeo huku akitabasamu.

Raundi ya mwisho wakafika mezani kwetu.

"Mwanyumba," akanisalimia.

"Mwanyumba."

"Shati zuri. Kola imelowa?"

"Kaeni," Mama mkwe akasema. "Tumekuja kucheza."

Mwanyumba akakaa Magharibi, kushoto kwangu. Shemeji akakaa Mashariki, mgongo mlangoni. Mama mkwe alikuwa Kaskazini mbele yangu, dirisha nyuma yake. Visanduku vilikuwa viwili. Cha kwanza tulipoteza kidogo, hakuna wa kulaumiwa, yaani nilaumiwe mimi. Mama mkwe akakichukua cha pili, namba kumi na tisa, akakipapasa, akakiweka katikati ya meza.

Nikachomoa karata zangu. Siku nzima nilikuwa nimepata karata za kusikitisha. Nilipozifungua hizi nikadhani nimechukua za mtu.

Shupaza zimejipanga. Ree ya kopa, ile inayomshinda hata mfalme, na malkia wake. Pau safi. Nilijikaza kisabuni uso usinisaliti.

Kwanza huwa kuna mnada: kila mmoja anataja ataahidi kula mapigo mangapi, yaani mizunguko ya karata nne, na turufu ipi, ile aina inayoshinda nyingine zote. Mama mkwe akatangaza nguvu. Mwanyumba akaingilia kwa uru. Mimi nikapanda, Mama mkwe akapanda, tukafuatana mpaka nikajisikia nasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Sita. Shupaza."

Hiyo ni ahadi ya kula mapigo kumi na mawili kati ya kumi na matatu. Unaruhusiwa kupoteza moja tu. Shemeji akapiga mluzi. Mwanyumba akaegemea kiti kama mtu aliyekuja kushuhudia mnada wa vyombo vya jirani.

Mama mkwe, kwa kuwa ni mwenza wangu, akalaza karata zake zote wazi mezani, kama sheria inavyotaka, akanyamaza. Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu.

Nikahesabu. Ree ya uru sina, hiyo lazima niipoteze. Na mfalme wa kopa sina. Kama mfalme yuko kwa mwanyumba, atammeza malkia wangu, na hapo nimepoteza mawili, nimeanguka. Vitabu vyote vinasema mchokoze malkia, yaani umtoe ukitumaini mfalme yuko upande wa pili, umwombe Mungu. Nusu kwa nusu. Ni mchezo wa shilingi juu, ila umevaa tai.

Ningekuwa mimi wa siku zote ningeurusha. Ningefanikiwa, wangesema bahati. Nisingefanikiwa, wangesema ndiyo huyo.

Lakini nikajiuliza swali la kifundi. Mwanyumba ni mtu mpole kwenye mnada, hatoi neno bila mali. Mbona aliinuka na uru? Lazima ree ya uru anayo yeye. Na ree peke yake haimtoi mtu mzima nyumbani. Mfalme wa kopa pia anao.

Basi nisimchokoze. Nimfungie.

Nikala turufu, nikala pau zote, polepole, mpaka mwanyumba akabakiwa na uru na kopa tu. Kisha nikamtupia uru ndogo. Ree yake ikala, hana namna. Pigo langu moja la kupoteza likaenda, lakini sasa zamu ya kutupa ni yake. Akitupa uru, naikata kwa turufu za mezani huku mkononi naondoa malkia. Akitupa kopa, inakuja katikati ya ree yangu na malkia wangu. Lifti imesimama, na milango yote miwili inafunguka ukutani.

Mwanyumba akatazama karata zake. Akatazama dari. Akatoa kopa, malkia wangu akaila bila jasho.

Mapigo kumi na mawili. Ahadi imetimia.

"Umejuaje?" mwanyumba akauliza.

"Ulinadi uru."

"Kitabuni ungemchokoza malkia."

"Kitabuni angeanguka," shemeji akamwambia mumewe. "Nyamaza uandike."

Mama mkwe alikuwa bado anaziinamia karata zake mezani. Akazikusanya moja moja, akazigonga zikae sawa. Kisha akasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hiyo siyo bahati."

Jamani, nina watoto wawili, na nilikuwepo walipozaliwa. Sitaki kulinganisha. Nasema tu kwamba ilibidi nijifanye natafuta kalamu chini ya meza.

Nilipoinuka nikarudisha karata zangu kwenye mfuko. Ndipo nikauona mshale.

Ulikuwa hautazami dirishani alikokaa Mama mkwe. Ulikuwa unatazama mlangoni, nyuma ya shemeji.

Nikauangalia tena, kama unavyouangalia waya ulioukata kabla hujajua ni upi. Ulikuwa mlangoni. Kisanduku kilikuwa kimegeuka robo tangu kilipowekwa. Shupaza zile, ree ile, malkia yule, vyote vilikuwa vya akina mwanyumba. Sita yangu nzuri niliicheza kwa karata za watu.

Sheria ni rahisi. Unainua mkono, unamwita mwamuzi, mchezo unafutwa.

Mwanyumba alikuwa anaandika matokeo. Shemeji anatafuta mkoba. Mkono wangu ukaenda katikati ya meza, ukakigeuza kisanduku mpaka mshale ukamtazama Mama mkwe, ukarudi mapajani. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoieleza.

Kwa kuwa kila mtu alikuwa amerudisha karata kwenye mfuko ulio mbele yake, kila karata ilikuwa mahali pake. Hakukubaki alama yoyote duniani, isipokuwa mimi.

Matokeo yakabandikwa ubaoni karibu na meza ya chai. Watu wakasongamana. Mama mkwe akanivuta mkono.

"Nisomee, mkwe. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa usoni mwake.

Nikasoma. Wa kwanza, mimi na yeye. Wa pili, kwa kijisehemu kidogo, mwanyumba na shemeji.

"Soma tena."

Nikasoma tena, safari hii nikimtazama yeye badala ya ubao. Alikuwa ameelekeza uso kwenye karatasi iliyo pembeni, tangazo la kupoteza mwavuli. Nikakumbuka kiatu kinachopapasa ngazi. Nikaelewa kwa nini alikipapasa kisanduku, na kwa nini siku hizi analeta karata karibu na pua, jambo tulilokuwa tunaliita umakini.

Mama mkwe alikuwa haoni.

"Vizuri," akasema. "Niletee chai. Usijaze."

Nilikuwa namimina chai ndipo nikasikia sauti ya mwenye duka la viatu, mwanachama wa siku nyingi, akiwalilia wenzake.

"Namba kumi na tisa imeniua. Nimekaa Mashariki, nimeahidi sita shupaza, nina ree na malkia wa kopa. Namchokoza malkia, Kusini anakuja na mfalme. Kwisha habari yangu."

"Kusini?" Mwanyumba alikuwa nyuma yake, biskuti mkononi. "Kumi na tisa mfalme wa kopa nilikuwa nao mimi. Na mimi nilikuwa Magharibi."

"Wewe utakuwa umesahau."

"Mimi napima viwanja vya watu. Sisahau nilikokaa."

Wakatazamana. Kisha mwanyumba akageuka taratibu na kunitafuta kwa macho. Chai ikajaa kikombe, ikapita.

Mwamuzi wetu ni mfamasia. Hukumu huzitoa kama anavyotoa dawa: kutwa mara mbili baada ya chakula, maswali hapana. Alituita sisi wanne kwenye chumba cha kuwekea viti, akafunga mlango, akaweka kisanduku namba kumi na tisa juu ya kiti kilichovunjika.

"Meza zote," akasema, "Mashariki na Magharibi ndio waliokuwa na shupaza. Meza yenu tu, walikuwa nazo Kaskazini na Kusini. Karata hazitembei zenyewe. Kisanduku kiligeuka."

"Naam," mwanyumba akasema.

"Kama kiligeuka, mchezo huo unafutwa, na aliyekigeuza anakatwa alama. Mkifutiwa," akatutazama mimi na Mama mkwe, "wa kwanza ni hawa."

Hawa ni mwanyumba na shemeji. Kiti kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yangu, na sita yangu ikiwa imekaa juu yake.

"Nauliza mmoja mmoja. Kilikaaje?"

"Sikuangalia," mwanyumba akasema. "Nilimwamini Mama."

"Nilikuwa naangalia karata zangu," shemeji akasema. "Zilikuwa mbaya sana, nilikuwa nazihurumia."

Mwamuzi akamgeukia Mama mkwe. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, kama alivyokaa maisha yake yote mbele ya watu walioleta madai.

"Kaskazini ni wewe, Mama. Ulikiweka wewe?"

"Muulize mkwe wangu," akajibu. "Alikaa mbele yangu. Huyu siku hizi hachezi kwa bahati, anatumia kichwa. Atakalosema ndilo nitakalolifuata."

Hebu fikiria. Maneno niliyoyangoja tangu siku ya lifti, nayapata kwenye chumba cha viti vibovu, mbele ya mwanyumba, kwenye kesi ambayo najua jibu lake.

Nikisema hakikugeuka, nabaki na kiti na nabaki na sita, ila ni uongo mkavu. Nikisema kiligeuka, aliyekiweka ni yeye. Kesho mezani mabinti zake watataka kujua kwa nini, watampeleka hospitali, watamnyang'anya funguo za gari na karata juu yake. Mama anayewauliza watu nani aliacha pasi kwenye umeme ataulizwa yeye.

Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi," nikasema.

Mwamuzi akakunja uso. "Wewe nini?"

"Kisanduku nilikiweka mimi. Kimegeuka, ni kosa langu. Nikateni alama."

"Kisanduku huwekwa na Kaskazini."

"Leo niliweka mimi. Mama alikuwa anatafuta kitambaa kwenye mkoba."

Mwanyumba alijitahidi kusikitika. Midomo yake ilijitahidi, mashavu yakakataa. "Pole, mwanyumba," akasema. "Ajali hiyo. Bahati mbaya tu."

Ndiyo ikawa hivyo, nikawaza. Kiti kimeondoka, na hata kushindwa kwangu kumeitwa bahati. Lakini nilikuwa na amani kidogo. Nilikuwa nimefanya jambo la kiume, na hakuna atakayelijua, na nilikuwa tayari kuanza kujipongeza kimoyomoyo.

Mwamuzi akachukua kalamu.

"Usiandike," Mama mkwe akasema.

Kalamu ikasimama hewani.

"Huyu anasema uongo. Kisanduku nilikiweka mimi. Nilikiweka vibaya kwa sababu jicho la kulia halioni kabisa, na la kushoto linaona likipenda."

"Mama!" shemeji akaruka.

"Nyamaza. Hilo tutaliongea nyumbani." Hakumgeukia hata kidogo. Alikuwa ameniinamia mimi, kichwa pembeni, akitafuta mahali uso wangu ulipo. "Hilo kosa langu, niandikiwe mimi. Lako ni jingine."

"Lipi, Mama?"

"Ulipomaliza kurudisha karata ulikigeuza. Macho yangu ndiyo mabovu, masikio ninayo. Nilisikia, nikajua nimekosea. Nikanyamaza, na kwa kunyamaza huko nitajibu. Nikasema mkwe wangu ataniambia. Ataniambia akinisomea matokeo. Ataniambia akiniletea chai." Akavuta pumzi. "Umeniletea chai, umeijaza mpaka kwenye kisahani, hukusema neno."

Mwanyumba alikuwa ameacha kutabasamu.

"Sasa sema mbele ya hawa," Mama mkwe akaniambia. "Ulipokigeuza, ulikuwa unanificha mimi aibu, au ulikuwa unaificha ile sita yako?"

"Mwamuzi hajauliza hilo, Mama," mwanyumba akasema, kwa mara ya kwanza upande wangu.

"Nauliza mimi."

Mwamuzi akaweka kalamu chini. Hata yeye alitaka kujua.

Nilipokigeuza kisanduku nilikuwa sijajua bado kwamba haoni. Hilo nilikuja kulijua kwenye ubao. Nilikuwa nimejipitisha kando ya ukweli huo tangu chai, na sasa ulikuwa umesimama mlangoni.

Nikamtazama yule mama usoni. Nilijua hanioni vizuri, na bado nikainamisha macho.